Shajara ya mradi: kurusha sauti mbashara kwa MQTT na Node.js

Siku ya 1

Ninachotaka ni kidogo: maikrofoni ikae chumba kimoja, mimi niwe chumba kingine na simu mkononi, na kinachosemwa kule nikisikie papo hapo kwenye kivinjari bila kusakinisha programu yoyote. Katikati ipo seva ndogo ambayo tayari inaendesha Mosquitto, dalali wa ujumbe wa MQTT (itifaki ya vifaa kutumiana ujumbe mfupi). Kwa muda mrefu kazi yake imekuwa kupokea vipimo vya joto na unyevu kutoka kwa vihisi vyangu. Sasa nataka kumtwisha na sauti.

Hesabu kwanza. Kwa sauti ya mtu kuongea, sampuli 16,000 kwa sekunde zinatosha. Kila sampuli ni biti 16, yaani baiti 2, na mkondo ni mmoja. Hizo ni baiti 32,000 kwa sekunde. Nikikata vipande vya milisekunde 20, kila kipande ni sampuli 320, baiti 640, na dalali atapitisha vipande 50 kila sekunde. Kwa mtandao wa ndani huo si mzigo.

MQTT ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper ili kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti. Ndiyo maana ina ubahili wa ajabu: kichwa cha pakiti kinaweza kuwa baiti 2 tu. Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya shinikizo la bomba, kipimo ambacho kikifika kimechelewa nusu dakika bado kina faida. Sauti haina subira hiyo.

Najua WebRTC, teknolojia ya sauti na video mbashara kwenye vivinjari, ipo na imeundwa kwa kazi hii hasa. Kama ningetaka watu wawili wazungumze, ningeichukua bila kufikiri mara mbili. Ila ubao wangu wa ESP32, kompyuta ndogo sana yenye Wi-Fi, tayari unaongea MQTT, na uzuri wa dalali ni kwamba mrushaji hajui wala hajali wasikilizaji ni wangapi. Anachapisha kwenye mada, anayetaka anajiandikisha.

Siku ya 2

Nimeanza na PHP, lugha ya skripti za seva, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Laptopu inarekodi sekunde moja, inaituma kwa skripti, skripti inaandika faili, na kivinjari kinaomba faili mpya kila sekunde. Imefanya kazi! Sauti imefika ikiwa na umri wa sekunde tatu hivi, na kila sekunde kuna pengo dogo kama mtu anayemeza mate.

Ukiangalia, ucheleweshaji huo haukutoka mtandaoni. Sekunde moja inapita kipande kikijazwa kabla hakijatumwa. Nyingine inaweza kupita kivinjari kikingoja zamu yake ya kuuliza. Ya tatu inaliwa na kuandika, kusoma na kufasiri faili. Sauti ilikuwa inangoja mlangoni, mlango baada ya mlango.

Nilijaribu kuziba mapengo kwa kuunganisha faili ncha kwa ncha, nikapata mtatariko mwanzoni mwa kila sekunde. Hilo nililigundua upesi: faili ya WAV kwa kawaida huanza na kichwa cha baiti 44, nami nilikuwa nakicheza kama sauti. Nikakikata, nikasonga mbele. (Ningelitia akilini somo hilo, wiki hii ingekuwa fupi.)

Skripti ya PHP kwa kawaida huzaliwa ombi linapokuja, hufanya kazi yake, hufa. Ninachohitaji ni mchakato ulio macho muda wote, ulioshika waya wa dalali kwa mkono mmoja na nyaya za vivinjari kwa mwingine. Nahamia Node.js, inayoendesha JavaScript kwenye seva.

Siku ya 4

Maikrofoni ni INMP441, inayotoa sauti ikiwa tayari ya kidijitali kwa njia ya I2S. Nimelehemu pini sita, nikapata ukimya mtupu. Pini ya L/R nilikuwa nimeiacha ikining'inia, na ndiyo inayoamua kifaa kiongee kwenye mkondo wa kushoto au wa kulia. Nimeiunganisha na ardhi, sauti ikaja.

Inakuja biti 24 ndani ya nafasi ya biti 32. Ukichukua biti 16 za juu, mtu anasikika kama yuko ndani ya pipa. Nimesogeza biti 14 badala ya 16, sauti ikapanda mara nne. Lazima uweke kikomo, la sivyo mtu akipiga chafya namba inafurika na kugeuka hasi.

Saa mbili nyingine zimeliwa na jambo la kipuuzi. Maktaba ya MQTT ninayotumia kwenye ubao ina bafa (hifadhi ya muda) ya baiti 256 usipoibadilisha. Pakiti yangu ya baiti 640 haienei, na maktaba hailalamiki. Inarudisha jibu la "hapana" ambalo sikuwa nalisoma. Ubao unasema umetuma, dalali anasema hajaona kitu. Nimeongeza bafa hadi 2048.

Siku ya 5

Sauti ya kwanza kutoka ubaoni hadi kwenye simu! Lakini chini yake kuna mvumo mzito usiokoma. Nimeusikiliza kwa hedifoni na kuupima kwa programu ya kuchora mawimbi: karibu hezi 50.

Hezi 50 naijua. Ndiyo kasi ya umeme wa ukutani katika nchi nyingi. Basi umeme umevuja kwenye saketi yangu. Kesho nitaanza na chaja.

Siku ya 6

Nimebadilisha chaja. Nimefupisha nyaya. Nimeongeza kapasita karibu na maikrofoni. Nimeusogeza ubao mbali na ruta. Mvumo upo pale pale, haujapungua hata kidogo.

Jioni nikachomoa kila kitu, nikaendesha ubao kwa betri katikati ya chumba, mbali na ukuta wowote. Mvumo upo.

Binti yangu alikuwa na simu upande wa pili. "Baba, mbona unasema kila neno mara mbili?"

"Sisemi mara mbili."

"Simu inasema mara mbili. Si kila mara, ila mara nyingi."

Nimeandika hapa maneno yake kwa sababu ndiyo yaliyokuwa na jibu, nami nikayapita nikaenda kutafuta kapasita kubwa zaidi.

Siku ya 7

Usiku wa kuamkia leo nilikuwa kitandani nikakumbuka: pakiti zangu ni 50 kwa sekunde.

Nimeamka nikabadilisha kipande kiwe cha milisekunde 40 badala ya 20. Mvumo ukashuka hadi hezi 25. Umeme wa ukutani haujui urefu wa pakiti zangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nieleze kwa kirefu, maana anayefanya kazi hii kwa Node.js ana nafasi nzuri ya kukutana nalo. Seva inapokea pakiti kutoka kwa dalali, inazigeuza baiti kuwa namba za biti 16 ili iongeze nguvu ya sauti, kisha inazisukuma kwa kivinjari kupitia WebSocket, muunganisho unaobaki wazi muda wote. Kuzigeuza nilichukua `payload.buffer` (`payload` ni mzigo wa pakiti) na kuipa `Int16Array`, safu ya namba za biti 16. Kumbe `payload` ni dirisha tu. Nyuma yake kuna eneo kubwa zaidi la kumbukumbu, lile lililojazwa na soketi, na `.buffer` inakupa eneo lote, si dirisha lako.

Ndani ya eneo hilo, kabla ya sauti, kuna nini? Kichwa cha MQTT. Kwa pakiti ya kiwango cha QoS 0 (tuma mara moja, usingoje uthibitisho) yenye ukubwa wangu: baiti 1 ya aina ya pakiti, 2 za urefu wa kilichobaki, 2 za urefu wa jina la mada, kisha jina lenyewe. Mada yangu iliitwa `sauti/chumba1`, herufi 13. Jumla baiti 18, yaani sampuli 9 za uongo mwanzoni mwa kila kipande. Na si sampuli za unyonge. Herufi "a" na "u" zikisomwa pamoja kama namba moja ya biti 16 ni 30,049, wakati kilele ni 32,767. Nilikuwa nalicheza jina la mada kwenye spika, karibu kwa nguvu zote, mara 50 kwa sekunde.

Ni lile lile la kichwa cha WAV, limerudi limevaa kanzu nyingine.

Kurudia maneno nako kulitoka hapo hapo. Pakiti mbili zikifika kwa mkupuo mmoja, zinakaa katika eneo moja la kumbukumbu. Maktaba inaniita mara mbili, kila pakiti kwa zamu yake, na kila mara mimi nilicheza eneo lote. Binti alisikia sawasawa.

Na zile sampuli 9 za ziada zilikuwa na gharama nyingine. Ni sampuli 450 kwa sekunde ambazo hazikuwahi kurekodiwa, takriban milisekunde 28 za sauti iliyoongezwa kila sekunde. Baada ya dakika moja mchezaji yuko nyuma kwa sekunde 1.7. Nilikuwa nimeanza kuulaumu mtandao kwa hilo.

Dawa ni mstari mmoja: mpe `Int16Array` mahali dirisha linapoanzia na idadi ya sampuli. Ukimya mzuri baada ya hapo. Nimerudisha kipande cha milisekunde 20.

Siku ya 8

Nimebadilisha jina la mada kutoka `sauti/chumba1` kuwa `sauti/sebule`. Seva imeanguka papo hapo.

Nikarudisha jina la zamani, ikasimama. Nikaweka jipya, ikaanguka. Nilicheka peke yangu. Programu gani inayokataa jina la chumba?

Safu ya namba za biti 16 inadai ianze kwenye baiti yenye nafasi shufwa. `sauti/chumba1` ina herufi 13. Ukijumlisha na baiti 5 za kichwa unapata 18, shufwa. `sauti/sebule` ina herufi 12, jumla 17, witiri. Jina la kwanza lilifanya kazi kwa bahati tu. Nilipoikamata hitilafu ili seva isife, nikaona mchezo mwingine: pakiti inayofika peke yake inakataliwa, lakini ya pili katika rundo inapita, kwa kuwa pakiti nzima ina urefu witiri na witiri mbili hufanya shufwa.

Sasa ninanakili baiti 640 kwenye eneo jipya kabla ya kuzigusa. Gharama yake ni baiti 32,000 kwa sekunde kunakiliwa mara moja zaidi, seva haitahisi.

Siku ya 9

Leo nilitembea na simu hadi nje, mbali na ruta. Wi-Fi ikakatika. Baada ya nusu dakika hivi nikarudi, na sauti ikarudi. Nilisimama mbele ya maikrofoni nikapiga kofi. Kimya. Kisha nikajisikia nikifungua mlango wa kutokea, jambo nililolifanya zamani.

Hakuna kilichopotea, na hilo ndilo tatizo. Node.js iliendelea kupokea pakiti na kuziweka kwenye kumbukumbu zikingoja simu irudi. TCP, itifaki inayobeba data chini ya haya yote, kwa uaminifu wake, ikazifikisha zote, kwa mpangilio, hata moja haikukosekana. Kivinjari nacho kikazicheza kwa adabu kuanzia ya kwanza. Kila aliyehusika alifanya kazi yake vizuri, nami nikawa nasikiliza yaliyopita.

Vitu vyote nilivyovipanga njiani vimefundishwa kuhifadhi. Kazi iliyobaki, naiona sasa, ni kuvifundisha kutupa. Watu wameniuliza kama nitapanda QoS 1 ili "sauti isikatike". Sitapanda. QoS 1 ni ahadi ya kutuma tena mpaka ithibitishwe, na kipande cha sauti kilichotumwa tena hufika wakati sentensi imeshakwisha.

Nimeweka mahali patatu pa kutupa. Ubaoni kuna bafa ya mzunguko: ikijaa, kipya kinamkanyaga wa zamani kuliko wote. Kwenye seva, kabla ya kumtumia msikilizaji, natazama `bufferedAmount` ya soketi yake, yaani baiti zinazongoja kutumwa. Ikizidi baiti 6,400, yaani milisekunde 200 za sauti, kipande hicho hakitumwi kwake na wengine hawaathiriki. Kwenye kivinjari, foleni ikipita milisekunde 200 inapunguzwa hadi 60. Na kila pakiti sasa inatangulizwa na namba ya mfuatano ya baiti 4, ili nijue kilichotupwa ni kiasi gani. Ukitupa bila kuhesabu utafikiri unafanya vizuri.

Nimerudia matembezi. Nimerudi ndani, nikapiga kofi, nikalisikia.

Siku ya 11

Kipimo cha ucheleweshaji: simu nyingine inarekodi, napiga kofi karibu na maikrofoni, halafu napima umbali kati ya kofi halisi na kofi la kwenye spika. Milisekunde 310. Mapendekezo ya G.114 ya ITU-T, chombo cha kimataifa cha viwango vya mawasiliano, yanasema mazungumzo ya simu huenda vizuri ukikaa chini ya 150 kwa upande mmoja. Mimi sizungumzi, nasikiliza tu, lakini 310 kwenye mtandao wa ndani ni aibu.

Nimechapisha muda wa kufika kwa kila pakiti kwenye seva. Zilipaswa kuja moja kila milisekunde 20. Zinakuja nne au tano pamoja, halafu kimya, halafu tena nne au tano.

Wahusika wawili wanashikana mikono. Wa kwanza ni utaratibu wa John Nagle, alioueleza mwaka 1984 katika waraka wa RFC 896: ukiwa na kipande kidogo cha kutuma na cha kwanza hakijathibitishwa, ngoja, vikusanye. Ulikuwa wa kuokoa mitandao iliyokuwa inazama kwa pakiti ndogo ndogo. Wa pili ni redio ya ESP32, ambayo kwa kawaida husinzia kuokoa umeme na kuamka kusikiliza ruta inapotoa ishara yake, kila milisekunde 100 hivi. Basi ubao hautumi mpaka uthibitisho uje, na uthibitisho hauingii mpaka redio iamke.

Nimezima usingizi wa redio. Nimezima utaratibu wa Nagle kwenye ubao, kwenye dalali (Mosquitto ina `set_tcp_nodelay`), na kwenye Node.js. Pakiti sasa zinakuja moja moja. Kofi: milisekunde 140. Betri itaisha haraka zaidi; nitatumia chaja.

Siku ya 12

Kwenye kivinjari. Sauti haianzi mpaka msikilizaji abonyeze kitu, hivyo nimeweka kitufe. AudioWorklet, sehemu ya kivinjari inayoichakata sauti, inaomba sampuli 128 kwa kila zamu, na kama hakuna, ni lazima utoe kitu. Nilitoa sifuri, kila pengo likawa na mlio wa "ta". Sasa sauti inafifia kwa milisekunde 5 kabla ya pengo na kupanda kwa 5 baadaye. Mapengo yale yale, sikio haliyajali tena.

Siku ya 14

Nimeiacha ikicheza saa nzima. Ilianza na akiba ya milisekunde 60 kwenye foleni. Ilipofika mwisho ilikuwa zaidi ya 150, na ingeendelea kukua mpaka kisu cha 200 kishuke.

Hapa hakuna hitilafu ya msimbo. Fuwele ya saa ubaoni na ile ya simu hazilingani. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni, ambayo ni ya kawaida kwa fuwele za bei rahisi, ni sampuli 0.8 kwa sekunde. Kwa saa moja ni sampuli 2,880, yaani milisekunde 180. Yangu imekuwa chini ya hapo. "Kilohezi 16" ya ubao na "kilohezi 16" ya simu ni watu wawili wenye jina moja.

Kukata milisekunde 140 kwa mkupuo kunasikika. Kuondoa sampuli moja tu hakuna anayeweza kukusikia. Sasa mchezaji anaangalia wastani wa foleni kwa sekunde kadhaa. Ikiwa juu ya lengo, anaruka sampuli moja mahali sauti ilipo karibu na sifuri. Ikiwa chini, anairudia moja. Nimeacha saa tatu. Foleni imecheza kati ya 50 na 70.

Siku ya 16

Nimejiandikisha kwa dalali kutoka kompyuta isiyo yangu, bila jina wala nywila, kwa alama `#` inayomaanisha mada zote. Nikapata joto, unyevu, na mazungumzo ya sebuleni.

Nimefanya leo yote niliyopaswa kuyafanya siku ya kwanza: nywila kwa kila kifaa, orodha ya nani anaruhusiwa mada ipi, usimbaji fiche kwenye mlango 8883 badala ya 1883 ulio wazi, na taa nyekundu ubaoni inayowaka maikrofoni inaporusha. Binti ndiye aliyedai taa.

Siku ya 18

Nimeingiza IMA ADPCM, njia ya kubana sauti: biti 4 kwa sampuli badala ya 16. Sauti ya baiti 640 imekuwa 160, nikiongeza 4 za hali ya kikokotozi ili kila pakiti ijitegemee. Bila hizo 4, kupotea kwa pakiti moja kunaziharibu zinazofuata. Kuna mchakacho mwembamba nyuma ya sauti. Opus, njia nyingine ya kubana, ingekuwa safi zaidi kwa baiti pungufu, ila kwa ubao huu nimeona niiache kwa sasa.

Jioni nimejaribu ubao wa pili wenye spika ukipokea mada ile ile. Nilipoviweka vifaa vyote viwili chumba kimoja vikapiga mluzi uliomfanya paka atoke dirishani. Nilistahili.

Siku ya 20

Jaribio la usiku kucha, saa 8. Pakiti zilizotumwa ni 1,440,000. Zilizotupwa kwenye ubao 37, kwenye seva 0, kwenye kivinjari 212. Kofi la asubuhi: milisekunde 130.

Karibu zote 212 zimeangukia dakika moja, saa tisa na robo usiku. Nimetazama kumbukumbu za seva: muda huo huo ndipo inapoanza kunakili faili za akiba kwenye diski. Kesho nitaihamisha kazi hiyo hadi mchana nione kama namba itashuka.

Taa nyekundu inafanya kazi.